Mjadala: Sindano za Kichina kwa wenye msongo wa mawazo, ziingie vituo vya afya vya Serikali?

Mwanzisha mada, Mjini Unguja

Assalamu alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba.

Ukikaa asubuhi kwenye baraza la kituo chochote cha afya utawasikia. Kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, usingizi hauji, tumbo limejaa, mwili hauna nguvu. Presha ikipimwa iko sawa au imepanda kidogo, damu haioneshi kitu. Mgonjwa anapewa vidonge vya maumivu na wiki ya pili yuko pale pale. Akiulizwa kwa upole ya nyumbani, ndipo yanapotoka: mume yuko Dar na hatumi kitu, deni la kikundi limeiva, mtoto wa kiume ameingia kwenye unga.

Madaktari wa China wako nasi tangu 1964. Wanatoka jimbo la Jiangsu, wanapokezana awamu kwa awamu, hospitali ya Mnazi Mmoja na pia ya Abdulla Mzee kule Mkoani, Pemba. Tunawapokea kwa upasuaji na macho. Ninachouliza ni kwa nini elimu yao ya asili kuhusu mtu aliyeelemewa na mawazo isifundishwe kwa wauguzi wetu, na sindano zikatolewa bure vituoni. Mimi naunga mkono.

Nieleze wanavyoliona jambo hili. Vitabu vyao vya tiba vya kiasi cha miaka 2,000 vinasema mwilini mna chi, nguvu inayotembea katika njia zake. Hasira huipandisha juu, huzuni huitawanya, woga huishusha, na kuwaza sana huifunga fundo. Kila hali ina kiungo chake: hasira ini, furaha moyo, kuwaza wengu, huzuni mapafu, woga figo. Mtu aliyeyabana mambo kwa muda mrefu wanamwambia chi ya ini imekwama. Dalili zake ni kifua kubana, kushusha pumzi ndefu kila mara, mbavu kuuma, hasira za ghafla, na kwa wanawake siku zao kuvurugika. Msomee maelezo hayo bibi yeyote wa Wete, atakutajia mtu anayemjua.

Tiba ni sindano nyembamba mno zisizo na dawa ndani, huchomwa kwenye njia hizo za chi. Mojawapo ya sehemu zinazotumika zaidi iko ndani ya mkono, vidole vitatu kutoka mkunjo wa kiganja, wanaiita Neiguan. Mgonjwa hulala kimya kama nusu saa. Yako pia mazoezi ya taichi na chigong, mwendo wa polepole unaofuata pumzi.

Karibuni.

Muuguzi, Chake Chake

Wa alaykum salaam kaka. Umeyaeleza vizuri maradhi, lakini kwenye dawa tutagombana.

Mtu akishtuka, ubongo huziamrisha tezi zilizo juu ya figo kumwaga adrenalini, kisha kotisoli. Moyo unakimbia, presha inapanda, sukari inaingia kwenye damu, tumbo linasimama kusaga. Ukimkwepa ng'ombe njiani mwili unatulia baada ya muda. Deni halikwepeki, kwa hiyo mwili hautulii, na ndiyo hayo unayoyasikia barazani. Hakuna aliyewahi kuipima chi.

Na sindano zimejaribiwa sana. Watafiti huwagawa watu makundi, wengine huchomwa panapotakiwa, wengine huchomwa popote au kwa sindano isiyopenya ngozi. Mara nyingi makundi yote mawili hupata nafuu kuliko wasiotibiwa, na tofauti baina yao ni ndogo. Maana yake kinachosaidia zaidi ni kulala, kutulia na kushughulikiwa na mtu. Hayo naweza kuyatoa bila sindano. Ningepewa wauguzi wawili zaidi nisingewapeleka kujifunza njia za chi. Ningewaweka wasikilize.

Tazameni Zimbabwe. Tangu 2006 daktari Dixon Chibanda amewafundisha bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kulitatua nao tatizo moja moja. Jaribio lililochapishwa 2016 lilikuwa na watu 573, na waliokaa na bibi walipungukiwa na dalili kwa kiasi kikubwa kuliko wenzao. Wazo hilo limeshavuka hadi Malawi na hapa kwetu Zanzibar. Hapo ndipo pesa ziende.

Mwalimu wa madrasa, Micheweni

Naomba nifahamishwe kabla sijasema ndiyo wala siyo. Hiyo chi ni kitu gani? Ikiwa ni maelezo tu ya mwili, kama matabibu wa Kiyunani walivyosema damu, balghamu, safura na sauda, hilo halinisumbui; wazee wetu wamelitumia karne na karne. Lakini ikiwa mgonjwa anaambiwa kuna nguvu ya kuombwa au kutegemewa, hapo pana khatari kwa itikadi yake.

Hijama tunaifanya, na kuumika kwa chuku kulikuwapo hapa kabla ya vikombe vya plastiki. Sikatai kutobolewa ngozi kwa ajili ya dawa. Nakataa watu waache kusali na kusomewa Qur'ani kwa kudhani sindano imechukua nafasi hiyo.

Mwanzisha mada

Ustadh wangu, Shukran. Hakuna anayeiomba chi. Ni maelezo ya mwili, sawa na hayo ya Kiyunani uliyoyataja, na mgonjwa anaweza kuchomwa asubuhi na kusomewa jioni.

Dada muuguzi, wako wanaosema woga kupewa figo kunathibitisha Wachina walizijua hizo tezi zako. Sisemi hivyo. Figo wanazozisema si zile za kwenye picha ya mwili, na kufanana huko hakuthibitishi chochote. Nguvu ya elimu yao mimi naiona kwingine: hawamtenganishi mtu na mwili wake. Daktari wa akili kutoka Marekani, Arthur Kleinman, alichunguza wagonjwa 100 kule Hunan, China, walioandikiwa kuwa na uchovu wa neva, akachapisha 1982. Walilalamika vichwa, usingizi na udhaifu. Kwa vipimo vyake, 87 walikuwa na sonona, yaani maradhi ya huzuni nzito. Wetu nao huja hivyo hivyo. Ukimwambia mwanamke wa kwetu nenda ukaonane na mtu wa akili, anasikia Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili, na harudi tena. Ukimwambia njoo nikutibu kichwa na kifua, atakuja na jirani yake.

Muuguzi, Chake Chake

Kaka, ushahidi huo huo unaniogopesha. Watu 87 walikuwa na sonona na hawakuambiwa. Mmoja wao akiwa anafikiria kujiua, sindano ya mkononi imemfichia maradhi mpaka kuchelewa. Na hujazungumzia dawa zao za kunywa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kule Brussels wanawake kiasi cha 100 waliharibikiwa figo kwa vidonge vya kupunguza unene vilivyotiwa mti wa Kichina usiofaa. Hapa nina wagonjwa wa presha wanaoacha vidonge kila akitokea mtu na chupa.

Muuza dawa za asili, Darajani

Na sisi je? Mchaichai, mrehani, habasoda, kukanda kwa mafuta, kujua mwili wa baridi na wa joto, vyote tunavyo. Mchina akichoma anaitwa mtaalamu, mzee wa Makunduchi akikanda anaitwa wa kienyeji. Kama mlango unafunguliwa, ufunguliwe kwa wote.

Mkulima wa mwani, Paje

Nimesoma yote. Bahari imekuwa moto, mwani wa kotonii unatuozea, tumebaki na ule wa spinosamu, na bei yake ni ndogo sana. Tunasimama majini, mgongo unauma, macho yanawasha, tunarudi na kipolo ambacho hakinunui mchele wa siku mbili. Wanangu wa hoteli masika wanarudishwa nyumbani bila mshahara. Mkinichoma nitalala vizuri usiku huo, na nashukuru. Asubuhi deni liko pale pale. Nani kati yenu ataongea na mnunuzi?

Mwanzisha mada

Bi mkubwa, hilo sina jibu la kituo cha afya, na halifai kutafutiwa huko. Ni la vyama vya ushirika na la Wizara, na linahitaji mjadala wake. Lakini usiku mmoja wa usingizi si kitu kidogo kwa mtu anayeingia baharini alfajiri.

Ndugu wa Darajani, nakubali mlango uwe kwa wote, na pasipite yeyote bila kupimwa. Atemisia, mmea wa dawa ya malaria, ilikuwa majani tu katika maandishi ya tabibu wa Kichina Ge Hong ya karne ya 4. Mtafiti wa China, Tu Youyou, hakuyagawa kwa sababu ni ya kale. Alijaribu, akaona kuchemsha kunaiua dawa, akabadili njia, na 2015 akapewa Nobel. Sisi tulianza dawa mseto, yenye dawa hiyo ndani, 2003, vyandarua vikafuata, na malaria tumeiona ilivyoporomoka Unguja na Pemba. Mrehani wako nao upimwe hivyo.

Na dada, ndiyo maana nimesema sindano na mazoezi ya pumzi, sikutaja chupa. Za kunywa zibaki nje kabisa. Na kila anayekuja aulizwe kwanza maswali ya sonona na ya kujiua, aandikwe, ndipo achomwe.

Muuguzi, Chake Chake

Kwa sharti hilo nasogea hatua moja. Tuanze na kituo kimoja. Kundi moja lipate mtu wa kuwasikiliza peke yake, la pili msikilizaji na sindano, la tatu msikilizaji na sindano isiyopenya. Baada ya miezi 6 tuhesabu. Makundi yakiwa sawa, sindano zitoke na fedha ziende kwa wasikilizaji. Utakubali?

Mwanzisha mada

Nitakubali. Na la pili likishinda, wewe ndiye utakayewafundisha wenzako.

Mkulima wa mwani, Paje

Basi siku za kliniki msiziweke kwenye bamvua. Maji yakitoka sote tuko baharini, na mtakuta benchi halina mtu.