Kindle imeganda na Wi-Fi sitaki kuiwasha. Nisaidieni

Msomaji_Kimya:
Assalam aleikum wanajukwaa. Niko Malindi. Nina Kindle ya kusomea vitabu, ile ya kioo kisichong'aa, inayosomeka hata umekaa juani. Siku hizi ikifika ukurasa fulani inaganda. Nagusa kulia, nagusa kushoto, maandishi yamesimama tu. Chaji ipo. Fundi mmoja wa simu aliishika kwa vidole viwili kama samaki aliyelala, akaniambia niiunganishe na Wi-Fi ijisasishe. Mimi Wi-Fi sitaki kuiwasha. Kuna njia ya kuitengeneza bila intaneti? Na pili, kwa anayejua: ukipigia maneno mstari mle ndani, au ukaandika neno lako, halafu ukafuta, vinafutika kabisa? Nina siku chache tu. Matusi sitaki.

FundiMtaa:
Kuganda si ugonjwa. Shika kitufe cha kuwashia, usikiachie, hesabu sekunde 40. Itazima na kujiwasha upya, na vitabu vitabaki. Usitishike ukiona maandishi yamekaa kwenye kioo hata ikiwa imelala. Mle ndani mna chembe nyeusi na nyeupe zenye chaji. Zikishapangwa ukurasa zinatulia hapo bila kula umeme. Ndiyo maana betri inadumu wiki na wiki, na ndiyo maana watu wengi hudhani Kindle imeganda kumbe imelala. Ila usiianike juani kisa inasomeka juani. Joto la Machi la kwenu na betri haviivani.

Jongoo_wa_Pwani:
Kukwama ukurasa mmoja mbona ndivyo nilivyosoma sekondari yote. Sikumuita fundi.

MamaMahamri:
Wewe una bahati, mwanangu. Mimi nasomea kwenye simu. Jamaa zangu wananitumia vitabu kwa WhatsApp, PDF zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na kidole cha mpigaji kimo. Ukiacha zilivyo, herufi ni sisimizi. Ukizikuza, sentensi inatoka nje ya kioo, basi unaisukuma kulia uone mwisho, unairudisha kushoto uone mwanzo, mpaka ufike nukta umesahau nani alikuwa anaongea. Lakini kile kitabu cha EPUB alichoniwekea binti yangu, ah! Nimekuza herufi mpaka miwani nimeiweka kabatini, na maneno yanajipanga yenyewe. Alfajiri stima ikikatika nakaa jikoni nangoja unga uumuke, kizani, nasoma. Tatizo ni moja tu, nikifika penye utamu mteja anapiga simu, kitabu kinafunikwa na sura yake.

Msomaji_Kimya:
Imefunguka! Fundi, Mungu akubariki. Sasa lile swali la pili.

BintiTanga:
Swali la pili ndilo lenye harufu. Mwenye Kindle yake hawezi kuogopa Wi-Fi. Akaunti iliyomo ni ya nani?

Msomaji_Kimya:
Ni ya mtu ninayemfahamu. Ameniachia.

BintiTanga:
Amekuachia, au ameiacha?

Msomaji_Kimya:
Mbona mahojiano? Haya. Kazi yangu ni kuangalia nyumba ya wageni, upande wa Casuarina. Kulikuwa na mgeni, signora mmoja Mtaliano, umri wa mama yangu. Alipoondoka nikatoa godoro nianike, Kindle ikaanguka. Sikuiba. Imeanguka yenyewe.

Sasa nisikilizeni kabla ya kunihukumu. Kitaliano nimekisema tangu utotoni, nimekiokota bichi kama wenzangu wote wa Malindi. Nauza kwacho, natania kwacho, hata kugombana nagombana. Kusoma sijawahi. Hakuna aliyewahi kunipa kitabu cha Kitaliano, na hapa sijui ningekinunua wapi. Basi nimeifungua, na kumbe ukiliwekea neno kidole, kamusi inatoka hapohapo. Zingarelli imo ndani, bure. Maneno ninayoyatamka miaka yote nimeyaona herufi zake kwa mara ya kwanza. Mengine nilikuwa nayaunganisha mawili nikidhani ni moja! Nimefika asilimia themanini na kitu ya riwaya. Nitairudisha. Nataka kumaliza tu. Kuna ubaya gani?

Wakili_Mtarajiwa:
Ubaya upo kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 268. Kitu kilichookotwa, ukikitumia kama chako, unajitetea ikiwa humjui mwenyewe na una sababu ya kuamini hawezi kupatikana. Wewe unamjua, na jina lake limo kwenye daftari la wageni. Sisemi wewe ni mwizi. Nasema utetezi wako ni mwembamba.

Ustadh_Barani:
Na kisheria ya dini, hii si lukata, yaani kiokotwa, ya kutangaza mwaka mzima. Mwenyewe anajulikana, kwa hiyo hiyo ni amana mkononi mwako. Ukipewa nyumba ya mtu uilinde, unalala kitandani kwake? Vijana siku hizi mnaona kitu kikiwa kidogo na hakina kelele, basi hakina mwenyewe.

MzeeNgomeni:
Mmenikumbusha mbali. Marehemu baba alikuwa kibarua wa San Marco huku Ngomeni, wakati Wataliano walipokuwa wakirusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini. Ile ya Wamarekani iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikapewa jina Uhuru kwa sababu hiyo, baba alikuwa akiisimulia kama aliibeba begani. Kitaliano alikijua cha nati na bolti. Aliwahi kuja na gazeti lao nyumbani, akalikunjua, akalitazama weee, akatufungia samaki. Huyu kijana angalau anasoma.

BintiTanga:
Mzee, tutakuja kwako. Msomaji, huyo mama ameiulizia Kindle yake?

Msomaji_Kimya:
Aliandika kwa bosi. Bosi akaniuliza.

BintiTanga:
Ukamjibu?

Msomaji_Kimya:
Nikamwambia natafuta. Sikusema haipo. Nilisema natafuta. Kuna tofauti.

Jongoo_wa_Pwani:
Unaitafuta ukiwa umeishika. Hata polisi hawajafika kiwango hicho.

FundiMtaa:
Hebu niseme kitaalamu, maana naona sasa swali lenyewe ni lipi. Ukiwasha Wi-Fi yatatokea haya. Kitabu kitapeleka ukurasa wa mwisho uliofika. Kama mama anasoma kwenye simu yake kwa akaunti ileile, simu itamuuliza kama anataka kurukia asilimia themanini na kitu, mahali ambapo yeye hajafika. Mistari yako nayo itakwenda. Na kama ameshaitoa Kindle hiyo kwenye akaunti yake, ikishika mtandao tu vitabu vitaondoka. Uwezo wa kuondoa vitu kwa mbali upo zamani. Mwaka 2009 Amazon walifuta nakala za vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwenye Kindle za watu waliokwisha kununua, eti aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Pesa zilirudishwa. Mwanafunzi mmoja huko Marekani alishtaki, kwani maandishi yake ya masomo yalibaki yananing'inia bila kitabu.

Sasa niambie ukweli. Umeandika humo?

Msomaji_Kimya:
Kidogo.

Yeye ndiye aliyeanza. Huyu mama anapigia mistari kila mahali, na pengine anaandika maneno yake. Kuna mahali mama wa kwenye riwaya anamsemea mwanawe maneno makali mezani, signora akaandika "non è vero", si kweli. Nikakaa nalo siku nzima. Kwa nini si kweli? Mimi kwetu nimeyasikia maneno hayohayo. Basi nikamjibu chini yake. Halafu mbele nikamjibu tena. Ikawa nikifungua kitabu, natafuta kwanza yeye kasema nini. Nikimaliza nafuta yote. Ndiyo maana nikauliza.

Mwenye_Shaka:
Samahani, ila hapa nimeshuka basi. Akaunti ya mleta uzi imefunguliwa juzi. Mwanzo Kindle imeganda, ghafla anatuambia kila siku alikuwa anabishana nayo. Mwanzo "ameniachia", kisha "imeanguka". Na sasa kijana wa bichi anasoma riwaya ya Kitaliano na kumjibu signora pembeni! Huyu ni mwandishi anajaribia hadithi yake kwetu. Au anauza Kindle. Msubiri, kesho atawaletea bei.

Jongoo_wa_Pwani:
Kama anauza, niwekee moja ambayo haijaanguka.

MamaMahamri:
Kijana wa bichi asisome kwa nini? Wewe Mwenye_Shaka umeshindwa kuamini nini, kwamba Kindle inaganda ukurasa mmoja na kwingine inasomeka, au kwamba maskini anaweza kupenda kitabu? Sema tu. Ninyi ndio mkimwona mtoto wa muuza mahamri na kitabu mnauliza amekiokota wapi.

Mwenye_Shaka:
Mama, hiki kweli amekiokota.

Wakili_Mtarajiwa:
Kwa haki, hoja ya akaunti mpya haithibitishi kitu. Mwenye siri hafungui uzi kwa jina lake la siku zote.

MzeeNgomeni:
Ngojeni nimpime, ingawa changu ni cha kurithi. Allora, figlio mio, questo libro com'è?

Msomaji_Kimya:
Bello ma lento, zio. Lei dice sempre che parte e non parte mai.

MzeeNgomeni:
Anasema ni kizuri ila kinakwenda polepole, yule mama kila siku anaaga na haondoki. Mimi nimeridhika. Hiyo "zio", yaani mjomba, ameitia penyewe.

Mwenye_Shaka:
Simu yoyote inatafsiri hayo. Ataje jina la kitabu.

Msomaji_Kimya:
Jina sitaji. Bosi wangu anajua mgeni alikuwa anasoma nini, alikuwa akimsimulia kila jioni pale kibarazani. Nikitaja nimekwisha. Ukiamini, ukikataa, mimi nimeshaamua. Namaliza, nafuta maandishi yangu, halafu namwambia bosi imepatikana nyuma ya kabati.

FundiMtaa:
Ukifuta kabla ya kuwasha Wi-Fi hayatakwenda popote. Lakini kuna kitu hujui. Kindle ina faili la maandishi, kwa Kitaliano litakuwa "I miei ritagli". Kila mstari unaopigia na kila neno unaloandika linanakiliwa humo, na tarehe na saa yake. Ukifuta kitabuni, humo havifutiki. Mama akichomeka waya kwenye kompyuta ataona watu wawili wanajibizana, mmoja akiwa ameshapanda ndege.

Msomaji_Kimya:
Basi nalifuta faili lote.

BintiTanga:
Na ya kwake je? Faili ni hilohilo.

MamaMahamri:
Usithubutu, mwanangu. Mtu akipoteza kitabu hununua kingine. Alichokiandika akisoma atakinunua wapi?

FundiMtaa:
Si lazima lote. Ni maandishi matupu, linafunguka kwenye kompyuta yoyote. Vipande vinapangana kwa jinsi vilivyoingia, vya karibuni viko chini. Shuka mpaka tarehe aliyoondoka, kata kuanzia hapo, hifadhi. Nenda saiba, ila usimpe mhudumu akufanyie.

Ustadh_Barani:
Sasa mnamfundisha kuficha.

FundiMtaa:
Ustadh, mimi nafundisha Kindle.

Msomaji_Kimya:
Nimetoka saiba. Nililipia nusu saa, nikaongeza. Faili ni refu, signora ameanza kuandika humo 2014, vitabu vingi sana, vingine vya kupika. Nimesoma zaidi ya nilichokwenda kufanya, msinisute. Yangu yalikuwa chini kabisa kama ulivyosema. Nimefuta yote isipokuwa moja. Kitabu nimebakiza sura mbili, na bosi anakuja kesho saa nne. Nitampa mkononi.

BintiTanga:
Utamwambia ilikuwa wapi?

Msomaji_Kimya:
Usiku bado mrefu.

Mwenye_Shaka:
Isipokuwa moja! Si nilisema ni mwandishi?

MamaMahamri:
Ipi hiyo uliyoiacha?

MamaMahamri:
Msomaji? Upo?

Jongoo_wa_Pwani:
Muacheni asome. Wakuu, nami nauliza: Kindle iliyotumika inauzwa kiasi gani Mombasa? Isiwe na mtu ndani.