Nataka kujifunza ufundi wa injini mwenyewe, nianzie wapi? (niko Mbeya)

Kijana wa Mafiati:
Wakuu salama? Naombeni ushauri. Nataka nijifunze injini mwenyewe hapahapa nyumbani, zile za kawaida tu, oili, plagi, rejeta, maana mafundi wamenichosha. Nimeshanunua seti ya spana Mwanjelwa na bando la kuangalizia video. Gari ni Toyota IST. Mtu asiyejua kitu anaweza kuiva ndani ya siku nne?

Mzee wa Kitonga:
Siku nne 😂 mimi nimekuwa tingo miaka sita ndio nikaachiwa nikaze nati za tairi peke yangu. Kuna mwaka tumekata propela pale mlima Kitonga tukalala siku mbili tunakula mahindi ya kuchoma, bosi anapiga simu tu gari iko wapi, iko wapi si hapa imelala. Vijana mna haraka.

Spana 10:
Anza na stiki ya oili. Gari iwe sehemu tambarare, injini imepoa, chomoa, futa, rudisha, chomoa tena, oili iwe kati ya alama mbili. Kofia ya rejeta usiiguse injini ikiwa ya moto, mvuke utakuchuna uso. Ila gari ina shida gani?

Mama Lao Iyunga:
Na hiyo siku ya tano kuna nini?

Kijana wa Mafiati:
Hamna kitu dada. Inachemsha kidogo tu. Halafu Jumamosi mwenyewe anarudi.

Mama Lao Iyunga:
MWENYEWE NANI?

Kijana wa Mafiati:
Ni ya baba mkwe. Yuko Dar kwa matibabu ya macho, aliniachia nimpeleke mama kliniki basi. Sasa nikaenda Igurusi mara moja nikabeba mchele, gunia nne tu, si mizigo hiyo jamani, kupanda Inyala mshale wa joto ukaenda juu kabisa nikasema nikisimama hapa usiku huu nitaibiwa nikakaza mpaka Uyole. Mtu yeyote angefanya hivyo.

Mlokole wa Uyole:
Vitu vya wakwe haviazimwi kijana. Mimi nilivunja jembe tu la mama mkwe, mpaka leo miaka kumi na moja nikifika Tukuyu lazima litajwe kabla ya chakula.

Spana 10:
Gunia nne kwenye IST 🤦 Sikiliza, huku tuko kama mita 1,700, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi sio 100. Kinachoyazuia ni presha ya kofia ya rejeta, ikilegea yanachemka mapema. Umewahi kuipeleka gereji kabla ya hapo?

Kijana wa Mafiati:
Ndiyo, wiki ya nyuma yake. Gereji moja hapa mjini walibadilisha taiming belti na kulanti (maji ya rejeta), 140,000 nikalipa kwa hela ya mke wangu.

Bush Lawyer:
Hahaha chai hii. IST haina taiming belti, injini yake inatumia cheni badala ya mkanda. Mtunzi nenda kajifunze gari kwanza ndio uje na hadithi. Uzi ufungwe.

Mzee wa Kitonga:
Nilijua. Mchele wa Igurusi usiku, baba mkwe macho, sehemu ya pili lini?

Kijana wa Mafiati:
Sio chai wakuu naapa. Jana nimefungua kava la tapeti kwa spana namba 10, ndani nimekuta cheni kama ya pikipiki nikajua mkanda uko chini zaidi, ndio nataka nishushe hedi niufikie.

Spana 10:
USISHUSHE KITU. Kumbe umeshafungua na ulikuwa unatuuliza pa kuanzia! Oili juu ya ile cheni ina rangi gani?

Kijana wa Mafiati:
Kahawia ya kawaida.

Spana 10:
Shukuru Mungu, ingekuwa kama chai ya maziwa, yaani maji yameingia kwenye oili, ungeshauza mchele wote ukalipe gasketi ya hedi. Hiyo nayo bado sio uhakika lakini tuanze na rahisi. Mkanda wa taiming haupo kaka, ulilipia hewa. Ila kuna mmoja wa nje ubavuni mwa injini, ndio unazungusha pampu ya maji. Ukiteleza, maji hayazunguki, mlimani lazima ichemshe. Chomoa negativu ya betri ukauangalie.

Bush Lawyer:
Weka picha basi.

Kijana wa Mafiati:
Nimetoka nje sasa hivi na tochi ya simu. Upo mmoja tu. Unang'aa kama umepakwa mafuta na kwa ndani umepasukapasuka, nimeubonyeza kwa kidole unazama tu. Waliniambia wamefunga mpya kabisa. Picha inagoma kupanda, bando limeisha.

Mama Lao Iyunga:
Na mkeo anajua ile 140,000 ilienda wapi?