Mrejesho: Kiinimacho kilichokuwa kinawaudhi wachezaji wangu

Wakuu, niliwalilia kwamba kila nikiweka kiinimacho kwenye Dungeons & Dragons (mchezo wa kusimulia hadithi na kurusha dadu, mimi ndiye msimulizi), wenzangu wananuna, wanaona nimewapotezea muda. Mkaniambia niwape dosari ya kuigundua wenyewe. Jumamosi tumecheza, barazani kwetu hapa Tanga.

Nikawaingiza pangoni, nikilieleza kama Amboni: giza, popo, mawe ya chokaa yanayodondosha maji. Mbele, ukuta wa moto. Nikataja mara moja tu kwamba matone yanaangukia humo, nikanyamaza. Wawili wakaanza kubishania nani aungue kwanza. Binamu yangu, ambaye huwa haongei, akauliza: "Mbona hayalii tsss, kama maji kwenye jiko la mkaa?" Akaingiza mkuki. Ukapita.

Baraza zima likasimama! Silent Image, uchawi wa kiinimacho nilioutumia, ni picha tupu, haina sauti wala joto, na ukiigusa tu imefichuka, hata dadu huhitaji. Kosa langu la zamani ndilo hilo: nilikuwa nawarushisha dadu wakishaona tu, kumbe kwa kuwarushisha nimeshawaambia kwamba ni kiinimacho.

Asanteni sana. Sasa mmoja anachoma kila mlango kwa fimbo, kwa hiyo wiki ijayo nitaweka joka la kweli.