Naomba ushauri: mafuta gani ya breki yanafaa kwa gari la kukimbizwa uwanjani?

Kijana wa Likoni:
Wanajukwaa, hamjambo? Nina Toyota 86 ambayo siku za kazi ni gari la kawaida, lakini mara kwa mara huipeleka kwenye uwanja wa mbio, siku zile ambazo wenye magari hulipa ada na kuzunguka bila kushindana. Mara ya mwisho, baada ya mizunguko michache, pedali ya breki ililainika hadi ikakaribia sakafu, na gari likasimama kwa kubembelezwa. Lilipopoa pedali ilirudi, ila haikuwa ile ya mwanzo. Nataka kubadilisha mafuta ya breki, na kila ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa. Je, ni kweli kwamba namba ya DOT, yaani daraja la mafuta ya breki linaloandikwa kwenye chupa, ikiwa kubwa ndivyo mafuta yanavyokuwa bora? Naomba nijibiwe mapema, kwa sababu muda si mwingi.

Bi Mkubwa wa Kibokoni:
Mwanangu, mimi sijui habari za mafuta hayo, lakini nauliza: gari ulilolinunua kwa jasho lako, unalipa tena ili ukaliunguze breki? Mama yako ana habari? Fedha hizo zingetosha kumlipia mtoto wa ndugu yako karo, nawe ukalala usingizi.

Msafiri wa Mariakani:
Umenikumbusha mbali, ndugu yangu. Zamani nilikuwa utingo wa lori la saruji, na siku moja tukiteremka Mazeras breki zilikataa kabisa. Dereva, Mwenyezi Mungu amrehemu, alishusha gia moja baada ya nyingine huku akipiga honi, hadi tukafika chini salama. Kwa hiyo ushauri wangu ni gia: asiyejua kutumia gia hata umwekee mafuta gani hayatamsaidia.

Fundi wa Changamwe:
Mzee wangu wa Mariakani, kisa chako nakiheshimu, lakini lori kubwa hutumia breki za upepo na halina mafuta haya tunayoyazungumzia. Turudi kwa kijana.

Pedali ikizama baada ya joto kali, mara nyingi mafuta yamechemka ndani ya kalipa, kile kifaa cha gurudumuni kinachobana pedi. Mafuta hayabaniki ila mvuke hubanika, na ndiyo sababu mguu unaenda chini bila gari kushikwa. Kama pedali ingebaki ngumu na gari likakataa kusimama, ningekutuma ukaangalie pedi kwanza. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 zote hutengenezwa kwa glaikoli, na glaikoli hufyonza unyevu wa hewani kidogo kidogo. Sisi wa pwani tunaujua unyevu huo kwa jinsi unavyokula mabati yetu. Kiwango cha Marekani kinataka DOT 3 mpya isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, DOT 4 chini ya 230, na DOT 5.1 chini ya 260. Yakishafyonza maji kufikia kama asilimia 3.7, viwango hivyo hushuka hadi 140, 155 na 180. Sasa nijibu mambo mawili: mafuta yaliyomo yana umri gani, na je, umeshanunua mengine? Ukiulizia namba kubwa namna hiyo, nashuku chupa unayo tayari.

Kijana wa Likoni:
Ahsante, fundi. Yaliyomo sijayabadilisha tangu nilinunue gari, na kifuniko kimeandikwa DOT 3. Ni kweli chupa ninayo, imeandikwa DOT 5, na mafuta yake yana rangi ya zambarau. Muuzaji alinieleza kwamba hayafyonzi maji hata kidogo, na nyuzi zake ni 260, kwa hiyo naona hoja yako mwenyewe inaniunga mkono. Bei yake haikuwa ndogo, na sioni sababu ya kuiacha.

Fundi wa Changamwe:
Hapo ndipo penyewe, na ungelisema tangu mwanzo. DOT 5 ni silikoni, haina undugu na DOT 5.1 licha ya namba kufanana, na wala haichanganyiki na glaikoli. Ni kweli haifyonzi maji, lakini maji yakiingia hayapotei: hujikusanya mahali pa chini, na mahali pa chini ni kwenye kalipa, penye joto kuliko pote, ambapo huchemka kwa nyuzi 100 tu. Isitoshe, silikoni hushika viputo vya hewa kwa urahisi, na pampu ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, huivuruga ikazidi kutoa povu, nawe utarudi kwenye pedali ile ile laini unayoikimbia. Kwa gari lako nunua DOT 4 ya mbio. Motul RBF 600, kwa mfano, ikiwa mpya huchemka baada ya kupita nyuzi 300, nayo inaingia kwenye mfumo uliokuwa na DOT 3 bila kubadilisha raba yoyote. Uyasukume ya zamani yote yatoke kwenye kila gurudumu, na uyabadilishe mara nyingi kuliko ya kawaida.

Kijana wa Likoni:
Nimekuelewa, fundi, ila majeshi ya Marekani hutumia silikoni kwenye magari yao. Je, wao hawajui breki?

Fundi wa Changamwe:
Wanajua sana. Gari la jeshi huegeshwa muda mrefu, na wanachotaka ni lisipate kutu ndani ya mabomba. Haja yao si yako.

Mchunguzi wa Tudor:
Samahanini, mnajibu kwa moyo safi lakini mimi sijaridhika. Nimezaliwa Mombasa na sijaona uwanja wa lami wa mbio za magari hapa. Kijana ametutajia mizunguko, ada na muuzaji wa mafuta ya zambarau, lakini jina la uwanja amelimeza. Ama hadithi hii imeokotwa mahali na kuvikwa kanga, ama uwanja wenyewe ni barabara ya Dongo Kundu usiku wa manane.

Bi Mkubwa wa Kibokoni:
Hilo la Dongo Kundu lilinipitia moyoni nikanyamaza.

Shabiki wa Majengo:
Mimi nilikuwa nimeshaamini, hata nimeanza kuulizia bei ya Toyota 86.

Kijana wa Likoni:
Sikusema kwamba uwanja uko Mombasa. Nafanya kazi Dubai, gari liko huko, na uwanja ni Dubai Autodrome, wenye mzunguko mrefu wa kilomita 5.39, ambako unafika mwisho wa mstari ulionyooka ukiwa kasi na kukanyaga breki kwa nguvu zako zote. Mimi niko likizo nyumbani Likoni. Sikutaja kwa sababu nilijua mtaacha mafuta na kuanza kunihesabia mshahara. Haraka yangu ni kwamba chupa iko kwa rafiki ninayeishi naye huko, na tulikubaliana anitilie mafuta hayo garini Alhamisi.

Mchunguzi wa Tudor:
Kilomita nimezitazama na ni sahihi. Haya, naiondoa Dongo Kundu.

Fundi wa Changamwe:
Alhamisi ni leo! Mpigie simu sasa hivi. Kama ameyamimina juu kwenye kichupa cha garini tu, asikanyage pedali wala asiwashe gari. Ayavute yote kwa bomba la sindano, apanguse, kisha aongeze DOT 4 kutoka chupa ambayo haijafunguliwa. Kama amekwisha kuyasukuma hadi kwenye ABS, gari lisitoke hapo, na kazi itakuwa kubwa.

Kijana wa Likoni:
Nimempata. Anasema alikuwa anasubiri jua lipungue, na chupa haijafunguliwa. Je, kuna mwenye pikipiki ya zamani ya Harley-Davidson inayotumia DOT 5? Namuuzia kwa bei nafuu.

Shabiki wa Majengo:
Harley-Davidson, Majengo hii? Mtafute mwanajeshi wa Kimarekani.