Mliowekewa vyuma mgongoni, mlirudije shambani na kazini? Tupeane uzoefu

Habari za jioni wakuu. Niko Uyole, Mbeya. Nina miezi 14 tangu niunganishwe pingili mbili za kiunoni, L4 na L5, kwa vyuma na skrubu. Pingili ilikuwa imeteleza ikakandamiza mshipa wa fahamu, mguu wa kushoto ukafa ganzi hadi ndala inanitoka mguuni njiani sina habari. Kabla ya hapo nilikuwa napakia viazi, lumbesa kwa lumbesa.

Hospitali walinipa masharti: usiiname, usinyanyue kizito, usijipinde. Nikakubali. Nimefika nyumbani, sabuni imedondoka bafuni, nikasimama naitazama tu mpaka mke wangu akaja. Siku ile ndiyo nilielewa safari niliyo nayo.

Kuamka tu nilijifunza upya. Nageuka ubavu mwili mzima kama gogo, miguu inashuka kitandani, mkono unasukuma godoro, ndipo nakaa. Dawa kubwa ilikuwa kutembea. Siku ya kwanza niliishia kwenye mparachichi wa jirani, hatua kama 40, nikarudi jasho linanitoka na baridi yote hii ya Julai. Kesho yake nikaupita. Mwezi wa pili tangu upasuaji nilikuwa nafika kituo cha daladala na kurudi.

Daktari aliniambia neno ambalo silisahau: vyuma ni kama mirunda chini ya zege, vinashikilia tu mpaka zege likauke. Zege lenyewe ni mfupa, na huo huchukua miezi mingi kushikana, wengine hadi mwaka. Nilipoona eksirei ya miezi sita baada ya upasuaji mfupa umeanza kuota, nililia.

Leo napalilia mwenyewe. Jembe nimelitia mpini mrefu, nakunja magoti badala ya kiuno. Lumbesa sizigusi tena. Karibuni na nyie.

Mama wa Tukuyu
Pole sana baba, umenikumbusha mbali. Mimi shida yangu ilikuwa choo cha shimo. Kuchuchumaa siwezi, na hilo hakuna aliyenitahadharisha. Shemeji yangu ni fundi seremala, akachukua kiti cha mbao akakitoboa katikati, tukakiweka juu ya tundu. Wanaojiandaa kwa upasuaji, litengenezeni hili kabla hamjaondoka nyumbani.

Lingine ni maji. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na mimi niliambiwa nisizidishe kilo 4 au 5 miezi ya mwanzo. Nikawa nateka kwa dumu la lita 3. Mama mkwe alikasirika, maana usoni nilikuwa mzima kabisa, akaona nimekuwa mvivu. Sikubishana naye. Nilimwita chumbani nikamwonyesha mshono. Aliupitisha kidole taratibu juu hadi chini, hakusema kitu. Tangu asubuhi iliyofuata maji aliteka yeye. Mtoto wangu wa miaka miwili naye nilimfundisha: nakaa kitandani, anapanda mwenyewe mapajani.

Dereva, Makambako
Wengi wanadhani kukaa ndiko kupumzika. Mgongo wangu unasema kukaa ndiyo kazi ngumu kuliko kutembea. Nilirudi kwenye lori mwezi wa nane tangu upasuaji, baada ya daktari kuniruhusu, na nilianza na safari fupi. Sasa kila saa moja nasimama, nashuka, nazunguka gari mara mbili. Kona za Kitonga hazinisumbui kama matuta. Na sigara niliacha, kwa sababu niliambiwa moshi unachelewesha mfupa kushikana. Hilo lilinitesa kuliko mshono.

Mdau, Njombe
Mimi nilikosea, semeni na watu wenu. Mwezi wa pili tangu upasuaji maumivu yaliisha, mvua za Novemba zikaanza, nikaona majirani wako shambani nikashika jembe. Siku ya tatu nikasikia kitu kimelegea. Skrubu. Nilipasuliwa tena, na msimu wote ule sikuvuna gunia hata moja.

Mdau, Iringa
Kamwene wakuu. Napasuliwa mwezi ujao. Usingizi sipati, naogopa kiti cha magurudumu. Je, maumivu yanaisha kabisa?

Mleta mada
Mkuu, sikufichi. Maumivu ya mguu yaliniisha, ila asubuhi za baridi kiuno kinakaza mpaka nitembee kidogo, na kidole gumba cha mguu kina ganzi hadi leo. Hofu yako nilikuwa nayo. Iseme kwa daktari wako hivyohivyo ulivyoandika hapa, umuulize hatari zake kwa hali yako wewe. Ukisharudi nyumbani, ukiona mguu unapoteza nguvu, haja ndogo au kubwa haizuiliki au haitoki, ganzi katikati ya mapaja, homa, au kidonda kinatoa usaha, usisubiri kupambazuke, nenda hospitali. Hata shavu la mguu likivimba na kuuma, nenda.

Mwambie fundi akutobolee kile kiti cha choo mapema. Halafu ukirudi, uje utuambie siku ya kwanza umeishia mti gani.