AC ya R22 imekufa: mabomba ya zamani yabaki?

Wakuu, AC ya BTU 12,000 ya gesi ya R22 imeunguza kompresa (pampu inayosukuma gesi). Nyumba iko Kigamboni, pwani ya Dar es Salaam. Nikinunua ya gesi mpya zaidi, R32, naweza kupunguza gharama kwa kuacha mabomba yaleyale?

— Weka mapya, mkuu. Kompresa ikiungua huacha asidi na masizi ndani ya bomba, na mafuta ya kompresa ya R22 hayapatani na mfumo wa R32, ambao presha yake ni kubwa zaidi. Bomba la shaba huuzwa kwa mita, basi pima umbali kabla ya kukubaliana bei.

— Naongezea: fundi asiye na pampu ya vakyumu (ya kunyonya hewa na unyevu bombani) asiguse. Akisafisha bomba kwa kuachia gesi kidogo tu, unyevu unabaki, kompresa mpya nayo inakufa. Na kwa chumvi ya hewa ya bahari huko, chagua kondensa (sehemu ya nje ya AC) yenye mapezi, yaani vile vibati vyembamba, yaliyopakwa kinga ya kutu.