Deck ya kwanza, OLED au Ally X? Nishaurini kabla sijaumia tena

Mkerewe_Igoma
Wakuu salama? Nataka kununua kimashine cha gemu cha mkononi ila roho inasita. Mara ya kwanza nlijichanga karibu mwaka mzima nikanunua kimoja, jina nliache, sijakaa nacho hata vizuri wakatoa kingine bei ileile, betri kubwa zaidi na skrini kali. Kilichoniuma ni kwamba walivyorekebisha ndo vilevile vilivyokua vinanitesa mimi, maana nikipanda meli kwenda Nansio chaji inakata kisiwa hakijaonekana, natia kwenye begi naangalia maji tu. Sasa nichukue Steam Deck ya kwanza (ya Valve) ya mtumba, ile ya baadaye yenye skrini ya OLED, au Ally X ya Asus?

sato_mbichi
Pole sana mkuu. Deck ya kwanza ilitoka Februari 2022, OLED ikaja Novemba 2023, hata miaka miwili haijafika. Betri imetoka Wh 40 (kipimo cha chaji inayobeba) kwenda Wh 50, skrini kutoka Hz 60 kwenda 90, yaani mara inazobadilisha picha kwa sekunde. Lakini nguvu ya chipu ni karibu ileile, gemu inayokwama kwenye ya zamani usitegemee itateleza kwenye mpya. Ukipata mtumba kwa bei ya kueleweka beba.

Fundi Makoroboi
Sato hapo kwenye mtumba nakupinga. Betri yake ishachoka na kuibadilisha sio kama simu ya batani, nliifungua moja hapa mezani betri imegandishwa kwa gundi, nikaipasha moto taratibu huku naingiza kadi ya plastiki kidogokidogo, saa nzima, ukiitoboa inawaka moto.

dada_nyegezi
Ally X Wh 80 jamani, kwa safari zako ndo yenyewe ila ilitoka kwa dola 799. Na ndo inayoniudhi kuliko zote, Ally ya kwanza Juni 2023 Wh 40 kwa dola 699, Julai 2024 wakaidabo betri. Alonunua mwanzo anaambiwa nini? Nintendo 2011 walishusha bei ya 3DS, kimashine chao cha mkononi, kutoka dola 250 hadi 170 miezi michache tu baada ya kuitoa, ila walowahi kununua waliwapa gemu 20 bure. Angalau waliona aibu.

sato_mbichi
Dada teknolojia haisubiri mtu

dada_nyegezi
Isisubiri sawa, ila betri ya Wh 80 sio ugunduzi wa 2024. Mtu ameuza mbuzi wake kununua hicho kitu, mheshimuni.

Mkerewe_Igoma
Dada umesema lililokua moyoni. Ally X hela haifiki, naenda na OLED, kuna jamaa anauza ya kwake ametumia miezi minne.

Fundi Makoroboi
Usimpe hela kwanza mdogo wangu. Mje nayo kibandani ikiwa na chaji 100, tucheze gemu nzito nusu saa tuone asilimia inashukaje. Njooni kabla ya saa nne, mchana wateja wanajaa.